Mama alitaka daktari, binti alitaka kompyuta

Kwa siku tatu fomu ya kubadili tahasusi ilikaa kwenye simu bila kujazwa. Mama, muuguzi wa kituo cha afya, alitaka PCB. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne na kupata B ya hisabati, alitaka PCM ili baadaye asomee kompyuta.

"Kompyuta ni ya kuchapa barua stesheneri," mama alisema. "Mimi nakusomesha uwe daktari."

Binti alinyamaza. Chakula kikaliwa kimya.

Jumatatu mfumo wa kituo uligoma. Foleni ikatoka nje hadi chini ya mwembe. Mzee mmoja wa presha hakukumbuka dawa anazotumia. "Vile vidonge vyeupe vidogo," alisema, na kumbukumbu zake zilikuwa ndani ya kompyuta isiyofunguka.

Saa tano akafika kijana mwenye begi mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, tuokoe."

Saa saba foleni ilisogea, na dawa za mzee zikaonekana.

Mama akamuuliza kijana alisomea nini. Akaelezwa kuwa fani hiyo ina kazi nyingi: wapo wanaoandika programu, wanaolinda mifumo isidukuliwe, wanaosimamia mitandao na wanaochambua takwimu. Hata DHIS2, mfumo ambao kituo chake hutumia kutuma taarifa za kila mwezi, ulibuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuuendeleza nchini. Kijana mwenyewe alianzia diploma. Hakuficha kwamba ajira ni za kugombania. "Cheti peke yake hakitoshi, mama. Watakuuliza umetengeneza nini."

Jioni mama aliketi kando ya binti. "Hebu nionyeshe unachofanya kwenye hiyo simu."

Binti alikuwa ametengeneza programu ndogo ya kukumbusha tarehe za chanjo za mdogo wake. Mama akavaa miwani.

"Hapa umekosea. Surua rubela ni miezi 9, siyo 10. Halafu 18."

Binti akarekebisha palepale. Kisha mama akaomba ile fomu, akamwambia ajaze PCM.

Mzazi, kabla hujakataa chaguo la mwanao, mwombe kwanza akuonyeshe anachoweza kufanya. Huenda kazi yake na yako zikakutana.