NILIVYONUNUA SHAMBA KIJIJINI – SEHEMU YA 4

Haya wapendwa, mwenzenu nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, chai iko pembeni. Tuendelee tulipoishia.

Mliosoma sehemu ya 3 mnakumbuka nilikuwa nimepata ekari tatu Handeni. Safari hii sikurudia kosa la kumpa mtu hela chini ya mwembe. Nilianzia kwa mtendaji wa kijiji, maombi yangu yakaenda halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu. Majirani wa pande zote nne wakaja kuonyesha mipaka, wakasaini. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka 1999, kikaratasi cha kuandikiana wawili hakikulindi. Nilijifunza kwa machozi, laki nane zangu hazijarudi mpaka leo.

Maji nikapiga hesabu mwenyewe. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati langu mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20 ni lita 1,200, toa zinazomwagika, inabaki elfu moja hivi. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua tano nzuri. Sola ya taa na simu. Mahindi, mihogo, kunde, kuku. Nikamwambia mume wangu, mwakani naacha kazi, tunahamia.

Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mama Baraka, na Baraka je?"

Jamani. Mwanangu ana sikoseli. Mimi ndiye ninayewaambia wazazi wodini kila siku, mtoto wa sikoseli akipata homa usisubiri kukuche, mlete. Halafu mimi huyo huyo nimenunua shamba ambalo zahanati iko kilomita 14, mvua ikinyesha bodaboda haipiti, na hapo zahanati damu ya kuongezewa hakuna. Nilikagua udongo, nikauliza mipaka, nikauliza mpaka nyoka. Hilo sikuuliza. Nadhani jibu nilikuwa nalo, sikutaka kulisikia.

Siwafichi, nililia bafuni bomba likiwa wazi.

Shamba sijauza. Mama mdogo ndiye anakaa pale, na magunia mawili ya mahindi yameshafika mjini. Kazi nabaki nayo. Sisi tunaenda siku mbili tatu wakati wa kiangazi, na begi la dawa za Baraka nalipanga kabla ya nguo. Yeye kila tukiondoka anawaaga kuku mmoja mmoja, anauliza tutahamia lini. Namwambia bado, mwanangu.

Kwa hiyo wewe unayetafuta shamba: kabla hujalipa, toka pale saa nane usiku mpaka hospitali, uhesabu dakika. Fanya hivyo hata kama nyumbani wote wazima.

Sehemu ya 5 ni simtanki na mbu. Ngoja nilale kwanza.