Kijumba Juu ya Gari la Parokia



Wapendwa wasomaji, juma hili naomba mniwie radhi, kwa maana naacha kando masomo ya Dominika. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, mlangoni pa kanisa na hata njiani, habari za ile nyumba ndogo iliyoketi mgongoni mwa gari la parokia. Wapo waliosema Paroko amenunua nyumba ya kitalii. Watoto wa Utoto Mtakatifu wao wanaliita gari hilo "konokono", na jina hilo nalipenda. Lakini habari yenyewe ina sehemu ambayo hapo mwanzo sikuisimulia kwa haki, na yupo mtu aliyeumizwa na usimulizi wangu. Kwa sababu hiyo naandika.

Parokia yetu, kama mjuavyo, ina vigango kumi na vinne, na cha mbali kabisa kiko kilomita 112 kutoka hapa, ndani kabisa ya nyika ya Wamaasai. Wakati wa kiangazi ni saa nne za vumbi; masika yakija, udongo mweusi hushika magurudumu kama gundi. Kwenda na kurudi siku moja maana yake ni kufika adhuhuri, kuungamisha wachache, kuadhimisha Misa kwa haraka na kuondoka kabla jua halijashuka, huku wazee waliotembea tangu alfajiri wakibaki kuutazama mgongo wangu. Ilinipasa kulala huko. Nami kwa miaka mingi nililala, nyumbani kwa katekista, katika nyumba ya vyumba viwili. Usiku mmoja wa Mei 2021 nilitoka nje, nikamkuta mama wa nyumba amejilaza jikoni, kando ya mafiga yaliyokwisha kupoa, na kichanga wake wa siku tisa kifuani. Kitanda chao nilikuwa nimekilalia mimi. Hakuna aliyeniambia, na kwa adabu zao nisingeambiwa kamwe.

Mwaka uliofuata ulituletea wageni wawili, mume na mke kutoka Ujerumani, waliokuwa wakizunguka Afrika na pikapu yao iliyobeba kijumba cha kulala. Injini yao ikafa katika eneo letu. Waliporejea kwao kwa ndege walituachia kijumba kile: kuta za faibaglasi, kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, tangi la maji la lita 80, na miguu minne ya jeki ya kukiinua ili gari litoke chini yake na kwenda zake. Kikiwa kitupu kilikuwa na uzito wa kilo 620. Gari letu ni Land Cruiser ya mwaka 2003, yenye ile injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na haraka wala malalamiko, na nguvu ya kukibeba inayo. Tatizo lilikuwa bodi yake ya nyuma. Ilikwisha kuoza kwa kutu, na hata ingekuwa nzima, kuta zake zisingekiruhusu kijumba kukaa. Ilibidi ing'olewe yote, na mahali pake pajengwe jukwaa bapa la chuma, lililopimwa kwa kijumba hicho na gari hilo.

Wazo la padri kulala juu ya magurudumu si geni. Huko Marekani, Catholic Church Extension Society, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, ilianza mwaka 1907 kutumia behewa la treni lililoitwa St. Anthony, lenye kanisa na mahali pa padri kulala ndani yake. Katika miaka ya 1950 Padri Werenfried van Straaten, mwanzilishi wa shirika tunaloliita leo Kanisa Hitaji, alipeleka malori yaliyogeuzwa makanisa kwa Wakatoliki wakimbizi waliotawanyika Ujerumani. Nilijisifu kidogo, nakiri, nilipojiona nafuata nyayo hizo.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa Kiislamu kutoka Tanga, mwenye gereji yake hapa mjini. Amechomelea vyuma tangu ujana wake. Alipima kijumba, akapima gari, akaingia uvunguni na kukaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka alichomoa kiberiti mfukoni. Akavuta ile droo ya ndani, akaisokota kwa vidole: ikapinda kwa urahisi, kisha ikarudi. Akaisukuma tena ndani ya ganda lake, akajaribu kuisokota, ikagoma.

"Padre," akasema, "chesisi ni hii droo. Gurudumu moja likipanda jiwe, yote inajisokota kidogo, na ndivyo ilivyoumbwa. Jukwaa na kijumba ni ganda. Ukivifunga pamoja kigumu, droo haitaweza kujisokota tena. Itang'ang'ana mpaka ipasuke."

Akanieleza mahali itakapopasukia: nyuma tu ya kabini ya dereva, pale jukwaa linapoishia, kwa kuwa chesisi inayojinyumbua inakutana hapo na ile iliyokazwa. Dawa yake, alisema, ni kulikaza jukwaa upande wa nyuma na kuliacha upande wa mbele likae juu ya egemeo moja la katikati lenye pini, ili chesisi ijisokote chini yake bila kulivuta. Alikwisha kuona mpango wa namna hiyo kwenye Unimog, yale magari ya kazi ya Mercedes-Benz. Ila pini na bushi zilihitaji kuchongwa kwa mashine mjini Arusha, na gharama ingeongezeka kwa shilingi 640,000, pamoja na wiki mbili za kungoja.

Ilikuwa Machi 2023, na Pasaka ilikuwa tarehe 9 Aprili. Nilikwisha kuwatangazia watu wa kigango kile kwamba Juma Kuu ningekaa nao siku nne mfululizo.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kaza tu kwa boliti pande zote. Barabara zetu nazijua."

"Barabara unazijua wewe, chuma nakijua mimi," akajibu, pasipo kupandisha sauti. "Lakini gari ni lenu."

Akafanya kama nilivyoagiza: mabano manane, boliti kumi na sita. Jambo moja tu alilikataa katakata, nalo ni kuchomelea kitu chochote juu ya chesisi yenyewe, kwa sababu moto hukiharibu chuma kilicho jirani na kiungo, na ufa hupenda kuanzia hapo. Katika ankara aliandika kwa mkono wake, chini kabisa: "Limefungwa kigumu kwa agizo la mwenye gari." Nilitia sahihi bila kusoma mara mbili.

Juma Kuu lilipita vizuri mno. Mwezi Juni, tukiwa watatu garini, tulivuka korongo kwa mshazari, gurudumu la mbele kushoto likiwa juu na la nyuma likiwa shimoni. Nikasikia mlio kama wa tawi bichi linalokatika. Tulipofika ng'ambo nilitaka kushuka, na mlango wa dereva ukagoma kufunguka. Chini yetu, nyuma tu ya kabini, mhimili wa kushoto ulikuwa na ufa wa sentimita sita. Tulikishusha kijumba kwa jeki zake, tukakiacha kwenye boma la jirani, tukafunga gogo kando ya mhimili kwa waya, tukarudi nyumbani kwa mwendo wa punda.

Sasa nafika mahali pagumu. Katika kikao cha Halmashauri ya Walei mweka hazina aliuliza, kama ilivyo haki yake, imekuwaje gari lililotengenezwa juzi kwa fedha za waamini limevunjika. Ankara ilikuwa ndani ya faili, mbele yangu. Nikasema: "Fundi ametuangusha." Maneno mawili. Kikao kikaendelea na ajenda ya paa la ukumbi.

Mji wetu ni mdogo. Haukupita mwezi, shule moja iliyokuwa ikimpelekea basi lake ikalihamishia kwingine, na wateja wengine wawili wakafuata. Habari hizi nililetewa na mwanagenzi wake, kijana wa kigango cha hapa mjini, aliyekuja ofisini kuomba barua ya kumtambulisha akatafute kazi. Hakujua mimi nilisema nini. Aliniambia tu kwamba Mzee hana kazi ya kumpa, na kwamba watu wanasema ameanza kuzeeka mikono. Nilimwandikia barua yake. Mkono uliokuwa ukiandika ulikuwa na aibu.

Nilikwenda gereji Jumanne iliyofuata. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikayasema machache, na mengine nikayasahau. Mzee alisikiliza, akapangusa mikono kwa kitambaa, akauliza: "Gari liko wapi?"

Kazi ya pili ilichukua wiki tano. Kwanza aliondoa nyaya za betri, umeme wa kuchomelea usije ukaharibu alteneta. Kisha akatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, ili usiendelee kutembea, akaupanua ufa wenyewe kwa grenda, akaujaza. Nilimkumbusha, kwa utani uliokaribia kuwa uchokozi, kwamba alikataa kuchomelea chesisi. "Mzima huwa sichomi," akasema. "Huyu ni mgonjwa." Juu ya kovu hilo akaweka bamba la kulitia nguvu, ncha zake zikiwa zimechongoka kama mkuki, pasiwepo mstari wa moto unaokata mhimili wima.

Jukwaa lenyewe alilijenga upya lote. Bamba la chuma la milimita 3 lina uzito unaokaribia kilo 24 kwa kila mita mraba. La alumini la unene huohuo ni kilo 8 tu. Alipata mabaki ya alumini Arusha, kwenye gereji moja inayojenga bodi za magari ya watalii, akayatandika juu ya fremu ya chuma, na katikati akaweka mikanda ya mpira, kwa kuwa alumini na chuma vikigusana penye unyevu hulana. Tangi la maji na betri, ambavyo Wajerumani waliviweka nyuma kabisa, alivisogeza mbele ya ekseli ya nyuma. Uzito ukining'inia nyuma, alisema, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hauna wa kumtii. Na mbele, katikati, ikakaa pini iliyochongwa Arusha, nene kama kifundo cha mkono wangu, ikiogelea katika grisi.

Tulipima kwenye mizani ya wanunuzi wa mahindi, ekseli moja moja, kijumba kikiwa kimejaa maji na watu wawili wakiwa ndani ya gari: mbele kilo 1,210, nyuma kilo 1,730. Kisha Mzee akaniamuru nipandishe gurudumu moja la mbele juu ya lundo la mawe nyuma ya gereji. Nikashuka kutazama. Upande mmoja chesisi ilikuwa imeliacha jukwaa kwa upana wa vidole vitatu; upande wa pili ilikuwa imelisogelea. Juu yao kijumba kilitulia, na kikombe cha chai alichokuwa amekisahau mezani ndani hakikumwagika.

Katika kikao kilichofuata niliisoma ankara ya kwanza kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho. Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja, mjumbe wa siku nyingi, akauliza kwa nini gharama za kosa la Paroko zibebwe na sadaka za wajane. Swali lilikuwa la haki. Sehemu yake nalipa mwenyewe, kidogo kidogo, na bado sijamaliza. Wateja wawili wamerudi kwa Mzee, na mwanagenzi pia. Basi la shule halijarudi. Nimekwenda kwa mkuu wa shule mara mbili, na nitakwenda tena.

Kule kigangoni, mke wa katekista alipokiona kijumba kimeketi kando ya nyumba yake hakufurahi kama nilivyotarajia. "Baba, kitanda chetu kimekukosea nini?" aliniuliza. Sikuwa na jibu zuri, na hata sasa sina. Tumekubaliana kwamba nalala kwangu, lakini chakula cha jioni na chai ya asubuhi ni kwake, na watoto wake wana ruhusa ya kupanda na kushuka ngazi ya konokono watakavyo.

Safari hiyo ya kwanza Mzee alikuja nasi. Alisema kila boliti mpya hulegea na lazima ikazwe tena baada ya mwendo wa kwanza, na hakutaka mtu mwingine aikaze. Nilimpa kitanda cha kijumba. Akakataa, akatandika mkeka wake chini ya jukwaa. Alfajiri niliamshwa na sauti yake akisali, kisha mlio wa spana uvunguni. Nikachukua tochi, nikashuka kummulikia. Boliti moja tu, ya nyuma kulia, ilikuwa imelegea. Akaikaza nusu mzunguko.