Seiko ya 1971 na mwaka wa tarakimu moja

Wasomaji wangu, leo tuziweke kompyuta kando kidogo. Ama labda si sana, mtaona.

Nimenunua saa yangu ya kwanza ya zamani, Seiko 5, kwa fundi mmoja hapa Nairobi. Alikuwa nazo mbili. Moja uso wake ni wa buluu, unang'aa kama imetoka kiwandani jana. Nyingine ni ya rangi ya fedha, imefifia na kioo kimejaa mikwaruzo. Mzee akanisukumia ya buluu. "Hii ndiyo ya kijana."

Nikamwomba azigeuze. Nyuma ya Seiko za enzi hizo kuna nambari mbili. Ya kwanza hutaja aina ya mashine na umbo la kasha. Ya pili ni ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni mwaka, inayofuata ni mwezi, na Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D.

Mwaka kwa tarakimu moja! Na sisi tulikuwa tukiwacheka watu wa Y2K waliotumia mbili. Ile ya fedha inaanza na 1N. Je, ni Novemba 1971 ama 1981? Nambari peke yake haiwezi kukujibu. Lakini mashine ni 6119, na hiyo haikufika miaka ya 80. Basi ni 1971, mwezi uleule kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix kilipotoka.

Chini kabisa ya uso huwa kuna maandishi madogo sana yanayotaja mashine. Kwenye ya fedha yanasomeka 6119, yanalingana na mgongo. Kwenye ya buluu hayapo, na herufi za jina ni nene: imepakwa rangi upya. Nilipomwonyesha, mzee akacheka. "Watu wanataka mpya, kijana wangu." Hiyo ya fedha akaniachia kwa elfu tatu, na kwangu mimi ndiyo iliyokuwa ghali kati ya hizo mbili.

Hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani 6 kwa sekunde. Kioo cha kwazi ndani ya saa ya bei rahisi hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Yangu huchelewa karibu dakika moja kila siku, na haina namna ya kutiwa ufunguo. Ukiivua siku mbili inalala. Jumamosi naipeleka ikatiwe mafuta. Kioo nimemwambia asikiguse.