Kusafisha shaba ya karabai kwa pipa linalozunguka

Leo tuiache programu kidogo tuzungumze kuhusu shaba. Kule Marekani wapo walenga shabaha wengi wasiotupa maganda ya risasi. Huyaokota, huyasafisha na kuyajaza upya. Chombo wanachokipenda ni pipa dogo linalozunguka, ndani yake maji, sabuni ya vyombo, asidi kidogo ya ndimu na pini nyembamba za chuma kisichoshika kutu, urefu wake kama milimita 6. Saa mbili tatu, ganda lililokuwa jeusi linatoka liking'aa ndani na nje.

Mimi sina bunduki, wala sina haja nayo. Nina karabai ya marehemu babu, ambayo mama ameitunza miaka yote. Shaba yake na ya ganda la risasi ni jamaa moja: shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ya maganda huwa asilimia 70 kwa 30.

Fundi mmoja alinishauri niiloweke usiku kucha kwenye amonia. Nikakataa, na sababu ni hii. Zamani jeshi la Waingereza kule India lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua, na maganda yakapasuka yenyewe bila kuguswa. Mwaka 1921 ndipo ilipoelezwa wazi: amonia ya mikojo ya farasi ilishambulia shaba iliyobaki na mkazo ndani yake tangu ilipofinyangwa kiwandani. Tangi la karabai nalo limefinyangwa kutoka bamba. Sasa fikiria ufa mwembamba kwenye tangi lililojaa mafuta ya taa na kupigwa pampu, moto ukiwa juu yake, mezani kwa mama!

Basi nikaunda pipa langu. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, kipenyo sentimita 20, nikaifunga kwenye mota ya waipa za gari. Mwendo ndio siri. Ukizungusha kasi mno, vitu vinanata ukutani na havisuguani. Hesabu yake ni rahisi: 42.3 gawanya kwa kipeuo cha pili cha kipenyo kwa mita. Kwa ndoo yangu inakuja kama mizunguko 95 kwa dakika, na inatakiwa uwe chini kabisa ya hapo. Mota yangu inatoa 45. Arduino na sumaku moja ubavuni mwa ndoo vinahesabu mizunguko, na ikifika 5,400, yaani saa mbili, umeme unakatika. (Ningeweza kutumia saa ya jikoni, najua. Lakini mnanifahamu.)

Ndani: kilo 2 za pini, lita 2 za maji, sabuni tone chache na maji ya ndimu moja. Usizidishe ndimu. Asidi ikizidi inakula zinki na shaba inabaki na rangi ya waridi. Faida ya maji ni kwamba hakuna vumbi. Wanaosafisha maganda wanalihitaji sana hilo, maana masizi ya risasi yana madini ya risasi, na lehemu ya taa kuukuu pia huwa nayo. Vaeni glavu, na yale maji meusi msiyamwage kwenye sukuma wiki.

Pampu, kifuniko na vifundo vilitoka kama dhahabu. Kijitundu cha kurushia mvuke sikukiingiza, pini ingekwama humo. Tangi nalo sikulitia ndooni. Babu alikwaruza herufi za jina lake chini yake kwa msumari, na mama alipoona pampu inavyometa aliniuliza jambo moja tu: "Zile herufi zipo?" Zipo. Nililipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, likabaki na rangi yake ya kahawia.

Jumapili nililifunga, nikalitumbukiza tupu kwenye karai la maji na kupiga pampu mara 30. Hakuna povu hata moja lililopanda. Mama ameshanunua mafuta.