Kuzisoma Nyota kwa Vidole

Najua wako baadhi yenu watakaocheka wakisoma kichwa cha habari hii, wakasema, "Huyu kipofu ana habari gani na nyota?" Siwalaumu. Mimi sioni tangu nilipougua surua nikiwa na umri wa miaka miwili, wala sikumbuki nyota hata moja. Walakini katika masomo yote nifundishwayo hapa shuleni, hakuna linipendezalo kama elimu ya nyota. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze jinsi nilivyoipata elimu hiyo, na kwa nini naona yafaa watoto wengine wasioona waipate pia.

Jambo hili si la mchezo. Katika shule moja niliyosoma zamani, kila lilipofika somo la jua, mwezi na sayari, niliambiwa nipumzike. Mwalimu hakuwa mkali; alinihurumia. Alisema, "Hili ni la kutazama. Wewe pita, utaendelea nasi wiki ijayo." Wenzangu wakafunua vitabu vyao, nami nikakaa nikisikiliza kurasa zinavyogeuzwa. Huruma ile ilinifungia mlango. Mtoto akiambiwa "pita" mara tatu au nne, mwisho hujiambia mwenyewe, na hapo hapana haja tena ya mtu kumzuia. Naamini wako wasioona wengi, wenye akili nzuri ya hesabu, walioiacha njia ya sayansi kwa namna hiyo hiyo.

Mimi niliponea kwa sababu ya bibi yangu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa namna ya pete, na mahali pazuri pa kulitazama palikuwa Rujewa, wilaya ya Mbarali. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Watu walikusanyika wengi mno, wenyeji na wageni, na bibi akanishika mkono akanipeleka. Bwana mmoja akamwuliza, "Bibi, mtoto huyu umemletea nini hapa, naye haoni?" Bibi akamjibu, "Mwanangu, kwani jua linawamulikia wenye macho tu?" Yule bwana akanyamaza. Ilipokaribia saa sita mchana, nilisikia joto la jua likipungua usoni pangu kidogo kidogo, kama mtu aliyesogezwa mbali na moto. Kijibaridi kikaingia, na watu waliokuwa wakipiga kelele wakaanza kunong'ona. Wote walikuwa wameonywa wasilitazame jua bila miwani maalumu, lisije likawaharibu macho. Siku ile wao ndio waliokuwa na hofu, si mimi.

Sasa napenda kuwauliza wenye macho: ninyi mwaona nini hasa? Mwalimu wetu wa Jiografia alitueleza kwamba usiku usio na mwezi, mahali pasipo na taa, mtu mwenye macho mazuri huona nyota kama 2,500 au 3,000 kwa mara moja. Lakini katika kundi letu kubwa la nyota, liitwalo Njia Nyeupe, mna nyota zisizopungua bilioni 100. Pigeni hesabu wenyewe. Ninyi mwaona elfu tatu katika bilioni mia moja, mimi sioni hata moja. Tofauti yetu mbele ya mbingu ni ndogo kuliko mnavyodhani! Nilipolisema hilo darasani wenzangu walicheka, lakini hakuna aliyeweza kunipinga.

Zaidi ya hayo, wataalamu wenyewe siku hizi hawategemei jicho peke yake. Mwaka 1932 mhandisi mmoja wa Marekani, Karl Jansky, alikuwa akitafuta chanzo cha makelele yaliyokuwa yakiharibu mazungumzo ya simu za redio kuvuka bahari. Akapata mvumo mmoja usiokwisha. Alipoufuata akagundua kwamba watoka katika Njia Nyeupe, na huo ukawa mwanzo wa kuzichunguza nyota kwa redio. Leo huko Afrika Kusini uko mtambo uitwao MeerKAT, uliozinduliwa mwaka 2018, wenye masahani makubwa 64. Masahani hayo hupokea mawimbi ambayo hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuyaona. Mawimbi huwa tarakimu ndani ya kompyuta, kisha watu huzigeuza tarakimu ziwe picha. Je, iko sheria gani isemayo ni lazima ziwe picha? Zaweza kuwa sauti, na zaweza kuwa nundu juu ya karatasi.

Mtu aliyenifungua akili katika jambo hili ni Wanda Díaz-Merced, mama mmoja mtaalamu wa nyota, mzaliwa wa Puerto Rico. Yeye alipoteza nuru ya macho kwa ugonjwa wa kisukari alipokuwa akisoma chuo kikuu. Hakuacha masomo yake. Alitafuta njia ya kuzisikiliza zile tarakimu: nguvu ya nuru ikizidi, sauti hupanda; ikipungua, sauti hushuka. Mwaka 2013 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na baadaye akafanya kazi Cape Town, katika ofisi ya kimataifa ya kuendeleza elimu ya nyota. Tena uchunguzi wake ulionyesha kwamba hata wataalamu wenye macho huweza kutambua zaidi yaliyofichika katika tarakimu wakisikiliza huku wakitazama. Basi njia iliyotafutwa kwa ajili ya asiyeona imewafaa hata waonao.

Mwingine ni Noreen Grice wa Boston, Marekani. Yeye anaona. Mwaka 1984 alikuwa akifanya kazi katika jumba la kuonyeshea nyota, wakaja wanafunzi wasioona. Maonyesho yalipokwisha aliwauliza wameonaje, nao wakamjibu waziwazi kwamba hayakuwafaa kitu. Wengine wangekasirika, yeye alikwenda kutafuta sababu. Akaona vitabu vya nyota vya nukta nundu vilikuwa na maneno matupu, bila picha. Akaanza kutengeneza picha zenye nundu na mistari ya kugusika. Mwaka 1990 alitoa kitabu kiitwacho Touch the Stars, na mwaka 2002 kikafuata Touch the Universe, chenye picha za darubini ya Hubble ambazo kidole chaweza kuzifuata.

Vitabu hivyo hatunavyo hapa. Lakini mwalimu wetu alisema tusikae tukisubiri meli, na chama chetu cha sayansi kikaanza kazi kwa vitu vya sokoni. Tulichukua ubao, tukabandika mbegu kwa gundi: maharage kwa nyota zing'aazo sana, mtama kwa zile za kadiri, ulezi kwa zile hafifu. Ubao wa kwanza haukufaa, maana wenzangu walitaka mbingu yote ikae pale pale, na vidole vyangu vilipotea kama mgeni Kariakoo. Jicho huona yote kwa mara moja, lakini kidole huenda hatua kwa hatua. Kwa hiyo ubao wa pili ulikuwa na kundi moja tu, Msalaba wa Kusini, wenye nyota tano, na majina yakaandikwa pembeni kwa nukta nundu. Nikauelewa kwa dakika chache. Nikajifunza pia kwamba mtu akipima urefu wa Msalaba toka nyota ya juu hata ya chini, akaurefusha mstari ule mara nne na nusu, hufika kwenye ncha ya kusini ya mbingu. Nilipima kwa vidole vyangu, na jibu likawa sawa na la mwenzangu aliyepima kwa rula.

Kisha tuliona kasoro nyingine. Ubao ule ulidanganya, kwani ulizifanya nyota zote kuwa mbali sawasawa. Basi tuliugeuza ubao wa tatu chini juu, tukaning'iniza nyuzi zenye shanga, sentimita moja kwa kila miaka minne ya nuru. Gacrux, nyota ya juu ya Msalaba, iko mbali kiasi cha miaka ya nuru 88, hivyo uzi wake ulikuwa sentimita 22. Acrux, nyota ya chini, iko mbali kama miaka 320, na uzi wake ukawa sentimita 80. Wenzangu wenye macho walishangaa kuliko mimi, maana miaka yote waliutazama Msalaba wakidhani nyota zake zimekaa pamoja kama ndugu. Nuru ya Acrux waionayo usiku huu ilianza safari yake miaka michache tu baada ya Waomani kuwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698.

Somo jingine lilikuwa la kutembea. Vitabu huchora jua na sayari zote katika ukurasa mmoja, zimebanana kama abiria wa daladala. Sisi tuliweka mpira wa miguu katikati ya uwanja kuwa ndiyo jua, na kila hatua ya mita moja tukaihesabu kuwa kilomita milioni 6. Dunia ilikuwa punje ya uwele, hatua 25 toka mpirani, na mwezi ukawa sentimita 6 tu kando yake. Mushtarii, mkubwa wa sayari, alikuwa golori kubwa, hatua 130. Neptuni alitutoa nje ya lango la shule, hatua 750. Mimi nilihesabu hatua hizo kwa fimbo yangu nyeupe, na miguu ilipoanza kuchoka nikafahamu utupu wa anga ni kitu gani. Halafu mwalimu akatuuliza: nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, tuiweke wapi? Tukapiga hesabu, tukapata kilomita kama 6,700. Yaani mpira wetu ukae hapa shuleni, na nyota jirani ikae Ujerumani!

Mwisho tulikwenda Mbozi, mkoa wa Songwe, kukiona kimondo. Nasema "kukiona" kwa makusudi. Ni chuma kilichoanguka toka angani, kina urefu wa mita kama 3, na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua kabla ya habari zake kuenea duniani mwaka 1930. Wenzangu walipiga picha kwa simu zao wakaondoka kwenda kununua soda. Mimi nilikizunguka taratibu kwa mikono miwili. Kilikuwa laini pengine, na pengine kina mabonde madogo madogo, kama udongo uliobonyezwa kwa dole gumba. Upande wa jua ulikuwa wa moto, upande wa kivuli baridi. Nilikuwa nimekishika kitu kilichokuwa kikizunguka huko mbali, na katika gari wakati wa kurudi ni mimi niliyewaeleza wengine umbo lake.

Basi nina maneno matatu ya kusema kabla sijamaliza.

Kwanza kwa walimu. Tafadhali msitusamehe masomo. Mkisamehe swali la mchoro katika mtihani, tupeni swali jingine lenye uzito ule ule. Na mnapofundisha, msiseme "hiki hapa" na "kile pale" mkionyesha kwa chaki. Taja jina, umbo, ukubwa na umbali. Wanafunzi wote watafaidika, hata yule wa nyuma asiyeona ubao vizuri na aonaye haya kusema.

Pili kwa wazazi. Mtoto wenu asiyeona msimfungie ndani wakati wengine wanapotoka kutazama mwezi au kupatwa kwa jua. Mchukueni, mkamweleze mnayoyaona. Bibi yangu hakusoma, wala hakujua neno la sayansi, lakini alinipa nusu ya elimu yangu siku ile ya Rujewa.

Tatu kwenu, wanachama wa chama cha sayansi. Wakati wa kupatwa kwa jua huko Marekani mwaka 2017, wataalamu wa Harvard walitumia kijisanduku kiitwacho LightSound, kinachogeuza nuru kuwa sauti, hata asiyeona akasikia jua likififia. Ndani yake mna kihisi cha nuru na sehemu ya kutoa mlio. Si mambo yaliyo nje ya uwezo wa vijana wanaotengeneza redio mbovu bwenini. Wataalamu wamekwisha kupiga hesabu kwamba tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa, na kivuli kitapita Misri, Sudan, Saudia, Yemeni na Somalia. Nawaomba tuanze kukitengeneza chetu, tukijaribu kwanza kwa jua la kila siku linapochwa.

Mbao zetu tatu ziko juu ya meza ya mwisho katika maktaba, karibu na dirisha. Kila mtu aruhusiwa kuzigusa, wazazi pia siku watakapotutembelea. Ila namwomba kila agusaye afumbe macho kwanza, na asiwe na haraka.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu