Meza Moja, Dirisha Moja

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani. Amepata kazi ya kufasiri nyaraka, naye huipokea na kuirudisha kwa njia ya mtandao bila kutoka nyumbani kwao. Swali lake lilikuwa jepesi: "Mwalimu, nipangeje ofisi ndani ya nyumba?" Nilikuwa tayari kumjibu kwa mistari mitatu kuhusu meza, kiti na mwanga. Kisha nikaikumbuka ofisi yangu ya kwanza ya nyumbani, nikaona kwamba mistari hiyo isingemfaa. Ndiyo sababu nimeandika makala haya, ili nanyi wengine myasome, kwa kuwa somo lake ni la uraia kama lilivyo la lugha.

Serikali ya Uganda ilifunga shule zote tarehe 20 Machi 2020 ili kuzuia ugonjwa wa korona usienee. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba madarasa yote yangekuja kufunguliwa tena kwa pamoja tarehe 10 Januari 2022. Shule binafsi niliyokuwa nikifundisha haikuwa ikipokea karo, hivyo haikulipa mishahara. Wazazi wachache walikubali kunilipa kidogo ili niendelee kuwafundisha watoto wao Kiswahili kwa simu. Nikaamua kufungua ofisi nyumbani.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika wilaya ya Wakiso, nje kidogo ya Kampala. Nyumba za namna hiyo Waganda huziita mizigo, neno linalowachekesha wanafunzi wangu, maana mzigo wanaofundishwa katika Kiswahili ni ule unaobebwa kichwani. Chumba cha mbele kilikuwa sebule mchana na malazi ya watoto wetu wawili usiku. Kilikuwa na dirisha moja tu. Chini ya dirisha hilo palikuwa na cherehani ya mke wangu, ambaye ni fundi wa kushona, na palikuwa mahali pake kwa miaka sita.

Niliisogeza cherehani hiyo hadi kwenye kona nyuma ya mlango, nikaweka meza yangu dirishani. Nilibandika ratiba ukutani: vipindi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kama shuleni. Nilivaa shati lililopigwa pasi. Watoto niliwaambia, "Baba yuko kazini, msipige kelele. Mkitaka kitu, mwulizeni mama." Mke wangu hakusema neno, nami nikaufasiri ukimya wake kuwa ni kukubali. Mwalimu wa lugha alipaswa kujua zaidi.

Siku hizo barakoa zilihitajika kila mahali. Mwenye duka mmoja alimwagiza mke wangu barakoa 100 za kitambaa cheusi. Alizishona kwenye ile kona, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, mwanga ukiwa umezibwa na mgongo wangu. Mwenye duka alipozipokea alizikataa 40 kwa sababu mishono ilikuwa imepinda. Fedha za oda ile ndizo tulizozitegemea kwa kodi ya nyumba, kwani malipo yangu ya simu hayakufikia hata nusu yake.

Usiku ule nilimkuta akifumua mishono kwa wembe, barakoa moja baada ya nyingine. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kona ile ina giza. Alinijibu kwa Kiganda, nami nayatafsiri maneno yake: "Mwalimu, wewe umefungua ofisi. Yangu umeifunga." Hakuyasema kwa hasira. Aliendelea kufumua, nami nikakaa chini nikamsaidia hadi usiku wa manane, bila kupata jibu.

Tazameni sasa jinsi neno dogo linavyoweza kubeba jambo kubwa. Katika Kiswahili tunasema "kazi za nyumbani", yaani kupika, kufua, kufagia na kulea. Tunasema pia "kazi anayoifanya nyumbani", yaani kazi yoyote ya kumpatia mtu riziki, ila mahali pake ni nyumbani. Mke wangu alikuwa akifanya ya pili kwa miaka sita. Alikuwa na wateja, daftari la vipimo, bei na siku za kukabidhi nguo. Mimi niliihesabu kuwa ni ya kwanza, kana kwamba ushonaji ni tawi la kufagia. Nilipoanza kufundisha kwa simu nilijiona mtu wa kwanza kufanya kazi katika nyumba ile, hali nilikuwa wa pili.

Asubuhi yake nililifungua daftari la mahudhurio kwa macho mengine. Kati ya wanafunzi 14, walionijibu asubuhi hawakuzidi watatu. Wengine wote walisoma masomo yangu jioni, kwa sababu simu ilikuwa ya mzazi, na mzazi alishinda nayo sokoni au shambani. Marufuku ya kutembea usiku ndiyo iliyomrudisha nyumbani, na simu ikarudi pamoja naye. Kumbe nilikuwa nimelishika dirisha saa ambazo wanafunzi wangu hawakuwapo! Ratiba ile ilikuwa ya kuniridhisha mimi, nijione bado ni mwalimu.

Tulikaa tukapatana upya. Cherehani ilirudi dirishani, nayo ikawa na haki ya mwanga wote wa mchana. Vipindi vyangu vilihamia saa moja jioni hadi saa tatu usiku. Mchana niliandaa masomo na kurekodi sauti katika chumba cha ndani, ambamo nguo zilizotundikwa zilipunguza mwangwi. Jioni niliweka taa mbele yangu, maana taa ikiwa nyuma ya mtu, uso wake huonekana mweusi kwenye simu. Simu niliiegemeza juu ya kamusi mbili ili nisiinamishe shingo. Kiti nilikiongezea mto mpaka viwiko vikawa sawa na meza. Chini ya miguu ya cherehani tulitandika gunia lililokunjwa, na mtetemo wake ukapungua. Simu na taa ya sola tulizichaji mapema, kwa kuwa umeme haukuwa wa kutegemewa.

Watoto tuliwagawana kwa saa. Kuanzia asubuhi hadi adhuhuri walikuwa wangu, na jioni walikuwa wa mama yao. Yule aliyekuwa zamu ndiye aliyeulizwa uji uko wapi.

Jambo la mwisho lilikuwa fedha. Siku hizo ilikuwa lazima kulipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili kutumia WhatsApp. Iliondolewa Julai 2021, mahali pake pakaja kodi ya asilimia 12 kwenye bei ya data. Gharama hiyo tuliiandika katika daftari moja na uzi, sindano na mafuta ya cherehani. Kabla ya hapo, data yangu niliiita "gharama za kazi", na uzi wake niliuita "matumizi ya nyumba".

Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kufanya kazi au biashara yoyote halali. Ibara ya 33 inatamka kwamba mwanamke ana hadhi kamili na sawa na ya mwanamume. Nilikuwa nimezitumia ibara hizo darasani mara nyingi kama mazoezi ya ufahamu, na maswali yake nilikuwa nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikuwahi kuzisoma nikiwa nimesimama mbele ya dirisha langu mwenyewe.

Wazee husema nyumba njema si mlango. Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Kabla ya kununua meza, keti siku moja nzima uandike ni nani anafanya kazi gani katika nyumba yenu, saa ngapi, kwa mwanga upi na kwa utulivu kiasi gani. Mwandike pia anayekaanga maandazi alfajiri, na dada anayesuka nywele za majirani barazani. Kisha keti nao mpatane. Ukishamaliza, niandikie tena, ndipo tutazungumza kuhusu kiti.

Nanyi mnaosoma, zoezi lenu ni kutunga sentensi mbili: moja yenye "kazi za nyumbani", nyingine yenye "kazi anayoifanya nyumbani". Sentensi zote mbili zimhusu mtu mnayeishi naye.

Mimi nimeandika haya saa tatu usiku. Mchana dirisha lina mwenyewe.