Mti Uzaliwao kwa Moto

Kwetu sisi watu wa pwani mtu akitaka kutaja mti mkubwa hutaja mbuyu. Huu tutakao kuueleza leo ni mwingine, nao kwa asili hauoti ila mahali pamoja tu duniani: miteremko ya magharibi ya milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, Marekani. Waitwa sekwoya. Ulio mkubwa kupita yote, uitwao General Sherman, una kimo cha futi 275 hivi, na umri wake hukisiwa kuwa zaidi ya miaka 2,000.

Tunda lake ni gumu, kadiri ya yai la kuku, na huweza kukaa mtini miaka 20 lisifunguke. Mbegu zake ni nyepesi mno, hata kilo moja huchukua karibu laki mbili. Kindi huyatafuna matunda hayo na wadudu huyatoboa, lakini kinachoyafungua kwa wingi ni moto. Joto lipandalo kutoka chini huyakausha, na mbegu zikamwagika juu ya udongo mtupu uliokwisha unguzwa majani makavu, penye jua. Hapo ndipo ziotapo. Mti wenyewe haudhuriki kwa moto mdogo, kwani gome lake hufikia unene wa futi mbili.

Watu hawakulitambua hilo mapema. Kwa muda mrefu, hata kufikia miaka ya 1960, walinzi walizima kila moto wakidhani waihifadhi miti. Kuni zikarundikana, vichaka vikasongamana. Ukame ulipozidi, moto wa mwaka 2020 na ule wa 2021 ulipanda mpaka vileleni, na wataalamu walikadiria kuwa sekwoya kubwa baina ya asilimia 13 na 19 ziliangamia. General Sherman ulifungwa shina lake kwa karatasi za aluminiamu, ukasalimika.

Palipoungua hata matunda, hapakubaki mbegu, na hapo miche hupandwa kwa mkono. Mbegu huwekwa katika baridi na unyevu wiki kadhaa, kana kwamba zimepitiwa na theluji, kisha hufunikwa udongo kidogo sana. Mche hutiwa ardhini kungali na unyevu. Adui yake ni kiangazi cha kwanza: mzizi usipowahi kushuka, hukauka. Hata mti mzima mizizi yake haiendi chini sana, hutambaa kando. Ndiyo maana ile mashuhuri huzungushiwa ua, wageni wasiikanyage ardhi ikashindiliwa.

Wako wasemao msitu uachwe ujiponye wenyewe. Sisi hatukubaliani nao. Mkono wa mwanadamu ndio uliozikusanya kuni zile kwa kuzuia moto, basi haifai mkono huo kujificha ndani ya kanzu wakati wa kupanda. Na hifadhi ileile iliyokuwa ikizima kila cheche, siku hizi huwasha yenyewe mioto midogo chini ya miti hiyo, na walinzi wakasimama kando kuichunga.